Mvua ya Tabora Inaishia Bahari Gani?

Watu wengi wa Tabora niliowauliza swali hili hujibu bila kusita: huenda Ziwa Victoria, kwa kuwa ndilo ziwa wanalolisikia kila siku na ndiko maji ya bomba yanakotoka. Wengine husema Dar es Salaam, kwa kuwa reli inateremkia huko. Majibu yote mawili si sahihi. Mimi niliyekula mshahara wa kupima mito ya kanda hii tangu ujana mpaka nikastaafu, inaniuma kuona mtoto anamaliza shule Tabora na hajui. Mvua inayopiga bati za Ng'ambo au Cheyo huelekea magharibi, na haigeuki tena. Upande wa kaskazini wa mji maji hupokewa na mto Igombe. Upande wa kusini huchukuliwa na mto Wala hadi Ugalla. Mito yote hiyo ni watoto wa Malagarasi, na Malagarasi humwaga maji yake Ziwa Tanganyika, ambalo nalo hutoa maji kwenda mto Kongo.

Tabora iko kwenye uwanda wa juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na ukisimama hapo huoni mlima wowote unaogawa maji. Ndiyo maana watu hawajui. Kule Kilimanjaro mtoto mdogo anaona mto unakotoka na unakokwenda. Huku kwetu nchi imelala, na mteremko wa mita chache tu ndio unaoamua tone liende bahari gani, au lisifike bahari yoyote.

Chukua barabara kutoka Tabora kwenda Nzega, kisha Igunga. Mahali fulani njiani umevuka mstari bila kuuona. Mvua ya Igunga haiji tena huku kwetu. Inakusanywa na mto Manonga, inaingia mbuga za Wembere, zile tambarare za udongo mweusi unaonata viatuni wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Kutoka Wembere inapita Ziwa Kitangiri, inashika mto Sibiti na kuingia Ziwa Eyasi, chini ya kuta za Bonde la Ufa. Eyasi haina mlango wa kutokea. Maji yakifika pale hukaushwa na jua, yanabaki magadi na chumvi. Ndiyo hali ya Bahi pia, kule Dodoma, ambako mto Bubu hufikia kikomo chake.

Ukitoka Tabora kwenda kusini, ukapita Sikonge, utafika nchi ya mto Rungwa, unaoingia Ziwa Rukwa, nalo ni ziwa lisilo na njia ya kutokea. Kuelekea mashariki, nyuma ya Manyoni, mto Kisigo unabeba maji hadi Ruaha Mkuu, halafu Rufiji, halafu Bahari ya Hindi. Na kaskazini, ukishapita Kahama, vijito huanza kuteremkia Ziwa Victoria, maana yake vimeingia safari ya Mto Nile, Uganda, Sudan Kusini, Sudan, Misri, hadi Bahari ya Mediterania. Basi ndani ya mwendo wa siku moja kwa gari, kwenye nchi isiyo na milima ya kutisha, kuna mvua ya Nile, mvua ya Kongo, mvua ya Rufiji na mvua isiyofika popote. Wataalamu wa maji wameigawa Tanzania katika mabonde tisa, na mabonde matano kati ya hayo tisa yanagusana katika kanda hii: la Ziwa Victoria, la Ziwa Tanganyika, la Ziwa Rukwa, la Rufiji, na hilo la ndani linaloitwa Bonde la Kati. Sijui sehemu nyingine ya nchi hii ambayo ramani yake ya maji ina utajiri huu, na vitabu vya shule huipita kwa mstari mmoja.

Sasa bomba. Maji ya Ziwa Victoria yanachotwa Ihelele, wilayani Misungwi. Mradi ulizinduliwa mwaka 2009 kwa ajili ya Shinyanga na Kahama, na kama miaka kumi baadaye bomba likanyooshwa hadi Nzega, Igunga na Tabora. Kabla ya hapo Tabora ilitegemea bwawa la Igombe, na miaka ya mvua haba sote tulijua maana ya foleni ya ndoo. Nilifurahi bomba lilipofika, na bado nafurahi. Lakini mtu wa maji haachi kufikiri. Maji yale, kwa asili yake, yalikuwa yanakwenda Jinja, na Khartoum, na Cairo. Sasa yanavuka mstari usioonekana, yanaoshea vyombo Tabora, na yale yanayobaki yanapita mitaroni kufuata mteremko wa magharibi. Kwa mkono wa binadamu, kiasi kidogo cha Nile kimeunganishwa na Kongo.

Jambo hilo lina historia ya kisiasa ambayo inafaa raia aijue. Mwaka 1929 Uingereza, ikisema kwa niaba ya nchi zilizokuwa chini ya utawala wake, ilikubaliana na Misri kwamba hakuna kazi itakayofanywa kwenye Nile na maziwa yake ya kupunguza maji yafikayo Misri bila ridhaa ya Misri. Waliokuwa wakiishi kando ya ziwa hawakuulizwa. Tanganyika ilipopata uhuru, serikali ya Mwalimu Nyerere ilitangaza mwaka 1962 kwamba haifungwi na makubaliano hayo. Kwa hiyo bomba la Ihelele lilichimbiwa ardhini kwa msimamo ambao ulikuwa umewekwa zaidi ya miaka arobaini kabla. Mkataba mpya wa nchi za bonde la Nile, uliotiwa saini Entebbe mwaka 2010 na Tanzania ikiwa miongoni mwa wa kwanza, ulianza kutumika Oktoba 2024. Misri haimo.

Turudi kwenye mto wetu wenyewe. Malagarasi una tabia ya ajabu. Unaanzia kwenye vilima vya mpaka wa Burundi, si mbali sana na Ziwa Tanganyika, lakini badala ya kuteremkia ziwani unalipa mgongo. Unakwenda kaskazini mashariki ukichora mpaka wa nchi mbili, unapinda kuja kusini, unaingia kwenye vinamasi vikubwa, ndipo unapogeuka magharibi na kulitafuta ziwa. Ni mto wa pili kwa urefu nchini, kilomita 475 hivi, na nchi inayokusanya maji yake ina ukubwa wa kilomita za mraba 130,000 hivi. Hakuna mto unaoingia Ziwa Tanganyika wenye bonde kubwa kuliko huo.

Katikati ya safari yake kuna vinamasi vya Malagarasi na Muyovozi. Hapo ndipo mito ya Muyovozi, Kigosi, Igombe na Ugalla inapokutana na mkubwa wao, na katikati ya mafunjo kuna maziwa ya Sagara na Nyamagoma. Mwaka 2000 eneo hilo liliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu, likiwa la kwanza kwa Tanzania, hekta milioni 3.25 ukijumlisha kinamasi, mbuga na miombo inayokizunguka. Rwanda nzima ni ndogo kuliko eneo hilo. Korongo nyangumi, yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu cha mti, anaishi humo, na watu husafiri kutoka mabara mengine kuja kumtafuta.

Kwa sisi wapimaji, kinamasi kilikuwa ndiyo siri ya mto. Kwenye kila kituo chetu kulikuwa na mbao zilizosimikwa majini zikiwa na alama za sentimita. Mkazi wa kijiji cha jirani alilipwa posho azisome asubuhi na jioni na kuandika kwenye daftari. Sisi wa ofisini tulikuja mara kwa mara na kifaa cha kupima kasi: chuma chenye mapanga yanayozungushwa na maji, kinaning'inizwa kwa waya kutoka darajani au kwenye boti, na kila mzunguko hutoa mlio kwenye kisanduku mkononi. Unaugawa upana wa mto vipande vipande. Kila kipande unapima kina chake, unahesabu milio yake kwa saa ya sekunde, unazidisha, kisha unajumlisha vyote. Ukimaliza unajua ni mita ngapi za ujazo zinapita kila sekunde. Mkono hufa ganzi kwa kushika waya, na nzi wa mbung'o hawakupi nafasi ya kupumzika.

Madaftari yale yalionyesha jambo ambalo mtu wa kawaida hawezi kuliona kwa macho. Mvua ya Tabora hunyesha kwa nguvu kati ya Desemba na Machi. Mito midogo ya juu hufurika na kupungua kufuata mvua, leo iko kifuani, wiki ijayo unavuka bila kukunja suruali. Lakini huko chini, karibu na Uvinza, Malagarasi unaendelea kupanda hata mvua zikiisha, na kilele chake huja Aprili au Mei. Maji yamechelewa kinamasini. Yametawanyika kwenye mafunjo na matete, yameyatua matope yaliyobebwa na vijito kutoka mashambani, na sehemu kubwa imepaa angani kwa jua. Yanayotoka ni machache kuliko yaliyoingia, lakini yanatoka taratibu, na ndiyo sababu mto haukauki kiangazi.

Basi ukisikia misitu ya miombo ya Urambo na Kaliua inakatwa kukaushia tumbaku, au ng'ombe wameingizwa kwa maelfu kwenye kinamasi kwa sababu malisho yameisha kwingine, usidhani ni habari za huko porini. Udongo ukifunuliwa, mvua hushuka na matope. Matope yakizidi, vijia vya maji ndani ya mafunjo huziba. Nimeiona mito midogo ambayo mbao zetu zilisomeka vizuri mwanzoni mwa kazi yangu, na mwishoni mchanga ulikuwa umezifukia nusu. Ilibidi tuzihamishe.

Baada ya kinamasi mto unapita chini ya reli, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, na chini ya Daraja la Kikwete ambalo liliwaondolea wasafiri wa barabara adha kubwa. Zamani kuvuka hapa kulikuwa na bei. Misafara ya pwani iliyotoka Tabora kwenda Ujiji ililipa hongo kwa watawala wa Uvinza ndipo ikaruhusiwa kutumia mitumbwi yao, na wasafiri wa Kizungu Burton na Stanley wote waliandika walivyolalamikia bei hiyo. Mimi nawaelewa Wavinza. Waliomiliki kivuko walikuwa na haki ya kukitoza.

Tena Uvinza ilikuwa na utajiri mwingine. Kando ya mto Ruchugi, unaoingia Malagarasi hapo hapo, kuna chemchemi za maji ya chumvi. Wataalamu wa mambo ya kale wamechimba na kupata ushahidi kwamba chumvi ilichemshwa mahali hapo tangu karne ya 5 au ya 6. Chumvi ya Uvinza ililiwa pande zote za ziwa, na wachuuzi waliifuata kutoka mbali karne nyingi kabla hajaja Mwarabu wala Mzungu. Ukionja maji ya chemchemi zile ulimi unakakamaa, na hatua chache kutoka hapo mto unapita na maji matamu kabisa.

Chini ya Uvinza mto unaamka. Baada ya kulala kwenye tambarare safari nzima, unateremka kwa kishindo kwenye miamba ya Igamba, mahali palipochaguliwa kwa mradi wa umeme wa megawati 49.5. Halafu unatulia tena kati ya michikichi ya Ilagala na kuingia ziwani. Nenda mlangoni pale kwa boti mwezi wa Aprili. Maji ya mto ni ya kahawia, ya ziwa ni ya buluu nzito, na kwa umbali mrefu yanakwenda bega kwa bega bila kuchanganyika, mpaka wake unaonekana wazi, na vipande vya mafunjo vilivyong'oka vinamasini vinaelea juu yake.

Hapo ndipo wanajiolojia wanapotueleza jambo ambalo mara ya kwanza nililikataa moyoni: mto huu ni wa zamani zaidi kuliko ziwa. Kabla ardhi haijapasuka, Malagarasi ulitiririka moja kwa moja kwenda Kongo. Kisha Bonde la Ufa likafunguka mbele yake, mamilioni ya miaka iliyopita, shimo likajaa maji, na mto ukakatwa. Ushahidi wanaoutoa ni samaki: ndani ya Malagarasi kuna jamii za samaki ambazo ndugu zao wako mto Kongo, ng'ambo ya ziwa, huku samaki wengi wa ziwa lenyewe hawapatikani popote pengine duniani.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina cha mita 1,470. Ni Baikal tu ya Urusi inayolizidi kina. Uso wake uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sakafu yake iko mita 700 chini ya bahari. Karibu sehemu moja kati ya sita ya maji yote yasiyo ya chumvi yaliyo juu ya ardhi duniani, ukiacha barafu, imo humo. Lakini uhai umo kwenye tabaka la juu tu. Ukipita mita 100 hadi 200 kwenda chini hakuna hewa ya oksijeni, na samaki hawaishi. Dagaa na migebuka wanaolisha Kigoma wanategemea upepo wa kusi, unaovuma kati ya Mei na Septemba, uyatikise maji na kuleta rutuba kutoka chini. Ziwa linapopata joto, tabaka la juu linakuwa jepesi na kutikisika kwake kunapungua. Wavuvi wa taa wanasema mavuno ya usiku wa giza si kama zamani, na kwa sababu hiyo mwaka 2024 uvuvi upande wa Tanzania ulifungwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, samaki wazaliane.

Maji mengi ya ziwa hili hutoka kwa kupaa angani. Njia yake ya ardhini ni moja, mto Lukuga, unaoanzia Kalemie upande wa Kongo. Wazungu walibishana miaka mingi kuhusu jambo hilo. Livingstone na Stanley, baada ya kukutana Ujiji mwaka 1871, walipiga makasia hadi kaskazini kuuona mto Rusizi, kwa kuwa wengi walidhani unatoka ziwani kwenda Nile. Waliukuta unaingia. Unaleta maji ya Ziwa Kivu, na Kivu lenyewe zamani lilikuwa la Nile: volkano za Virunga ndizo zilizoziba njia yake ya kaskazini, likajaa, likapasulia kusini. Mwaka 1874 msafiri mwingine wa Kizungu, Cameron, akauona Lukuga ukitoka. Mwaka 1876 Stanley akafika, akakuta umeziba kwa matete na matope, hautiririki inavyopaswa. Kumbe wote wawili walisema kweli. Mlango ulikuwa unaziba, ziwa lilikuwa linapanda, na miaka michache baadaye maji yaliusukuma uchafu ule na kuporomoka kwenda Lualaba. Hadi miaka ya 1890 ziwa lilikuwa limeshuka kama mita 10. Ndiyo maana kumbukumbu ya Livingstone pale Ujiji leo iko mbali na ufukwe.

Kutoka Lukuga maji yanaingia Lualaba, yanapita Kindu na Kisangani, nchi ambazo Kiswahili kilifika kwa miguu ya misafara ya wafanyabiashara kama Tippu Tip, na bado kinasemwa sokoni kila siku. Kutoka Kisangani mto unaitwa Kongo, unapita Kinshasa, unazungusha mitambo ya umeme ya Inga na kuingia Atlantiki. Kwa mtu wa Tabora bahari hiyo iko mbali mara tatu kuliko ile ya Dar es Salaam, na ndiyo yake.

Mlango mmoja mwembamba wa Lukuga kwa ziwa la nchi nne: ukitafakari hilo utaelewa yaliyotokea karibuni. Kuna miaka watu wa Kigoma walilalamika kina bandarini kimepungua, na mazungumzo yalikuwa ni ya kujenga kizuizi Lukuga. Kisha mvua za kuanzia 2019 zikabadilisha habari. Maji yalipanda mwaka hadi mwaka, na kufikia 2024 yalikuwa yameingia mitaa ya Uvira na Kalemie, mashamba na nyumba za Gatumba karibu na Bujumbura, na mialo yetu ya Kigoma na Ujiji. Watu wengi waliniambia ziwa limegeuka, halijawahi kufanya hivi.

Limewahi. Baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962 lilipanda mpaka 1964. Bibi mmoja wa Ujiji alinipeleka mwenyewe kunionyesha. "Mwanangu, mwaka ule mitumbwi ilifungwa hapa," akasema, akiugonga kwa fimbo msingi wa nyumba ya matofali iliyokuwa imeshakimbiwa na wenyewe. Nilikwenda na kifaa changu cha kupimia mwinuko, na alama aliyonionyesha ilikaribiana na vipimo vya 1964 vilivyoandikwa bandarini, ambako kina cha ziwa kimekuwa kikisomwa tangu zama za ukoloni. Nyumba ile ilijengwa chini ya mstari huo, na jirani zake vilevile. Vipimo hivyo si siri. Anayetaka kununua kiwanja mwaloni aende akavisome kwanza, kisha atafute mzee wa mtaa amwonyeshe mahali vinapoangukia.